Mkonga wa Mwalimu Breki

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba. Kulipambazuka na manyunyu mepesi, yakakoma kabla maduka hayajafunguliwa, kisha jua likatoka na kukausha barabara mpaka vumbi likarudi mahali pake. Upepo ulikuwa kidogo. Siku nzuri ya kufungua gari, alisema fundi wa umeme jirani yangu, kwa sababu waya hazipendi unyevu.

Gari lililofunguliwa siku hiyo lilikuwa la Mwalimu Breki. Nauza balbu, nati na mikanda ya injini katika duka lililopakana na karakana ya fundi huyo, kwa hiyo yote ninayoyaeleza hapa niliyaona nikiwa nimesimama mlangoni kwangu au hatua chache kutoka hapo.

Mwalimu Breki anafundisha udereva. Gari lake dogo jeupe, lenye kibao chekundu juu ya paa, lina pedali za breki mbili: moja ya mwanafunzi na nyingine kwenye kiti cha kushoto anapokaa yeye. Jina lake la kuzaliwa wachache wanalikumbuka. Tangu nimfahamu, neno linalotoka katika dirisha la gari hilo ni moja, analisema bila kupaza sauti, kama mtu anayeomba chumvi mezani: "Breki. Breki. Breki, mama." Amefundisha nusu ya madereva wa mji huu. Nusu ya pili, anasema mwenyewe, ndio hao wanaogongana.

Ni mtu mwembamba, mfupi, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikono yake inataka kusimama yenyewe. Anatembea kama anavyoendesha. Akivuka hata uchochoro wa kupita kuku, atatazama kulia, kushoto, kisha kulia tena. Na mguu wake wa kulia hautulii. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, anasema akimimina chai na kikombe kikakaribia kujaa, mguu wa mumewe unakanyaga sakafu chini ya meza. "Nimeolewa na pedali," anasema.

Katika gari hilo redio ilikuwa mwiko. Ilikuwemo, ndiyo, ile ya kaseti iliyokuja na gari kutoka Japani, lakini alikuwa ameing'oa fyuzi yake kwa mkono wake mwenyewe. Mwanafunzi akiuliza, jibu lilikuwa hilohilo: "Gari linaongea. Ukimleta mwingine naye aongee, utamsikiliza nani?"

Mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kuifurahia redio ile, kabla fyuzi haijang'olewa, naye ni binti yao wa pekee. Alipokuwa shule ya msingi, baba yake alimchukua kila jioni, na mtoto akakaa kiti cha nyuma, katikati, miguu haifiki chini, akisoma habari. Habari zenyewe zilikuwa mabango ya njiani. "Hii ni taarifa ya habari. Duka la viatu limefungwa. Saruji imefika. Mbwa mkali, usiingie." Ila hakuanza mpaka kitu kimoja kifanyike kwanza. Gari lile lina antena ya kizamani, ya kujificha. Inalala ndani ya bodi, juu ya gurudumu la mbele, na nje hubaki kichwa chake tu, kama kifungo cha koti. Ukiwasha redio, mota ndogo inalia kama mbu na antena inapanda yenyewe, kipande juu ya kipande. Mtoto aliiita mkonga. "Baba, pandisha mkonga!" Baba aliwasha redio, mkonga ukapanda, kisha akapunguza sauti mpaka mwisho, maana redio ile ya Kijapani namba zake ziliishia tisini, na stesheni zetu zote ziko juu ya hapo. Ilitoa mchakacho tu. Hapo ndipo taarifa ya habari ilipoanza.

"Siku utakayosoma habari za kweli," alimwambia siku moja, "nitakusikiliza humuhumu. Sauti yako itoke hapo hapo nyuma."

Maneno ya baba kwa mtoto ni mepesi kuyasema. Binti alikua, akamaliza shule, akasema anataka kazi ya redio. Mwalimu Breki, aliyekuwa amepanga awe mhasibu, akamwambia kwamba redio si kazi, ni kelele. Hawakugombana kwa sauti, kwani katika nyumba ile hakuna anayepaza sauti. Binti alihamia upande wa pili wa mji kwa shangazi yake, akaanza katika stesheni moja ndogo, akipokea wageni, akisoma matangazo ya vitu vilivyopotea. Alikuja nyumbani siku za mapumziko, akasaidia kuosha vyombo, na habari ya redio haikuguswa.

Wiki moja kabla ya siku hii alipiga simu. Amepewa taarifa ya habari ya saa kumi alasiri, Alhamisi, mara yake ya kwanza. Mama alipiga vigelegele mpaka cherehani ikasimama. Kisha binti akaomba kusema na baba yake, akamuuliza swali moja: "Utanisikiliza, Baba, au bado ni kelele?"

Mwalimu Breki akasema, "Nitakusikiliza mahali pako palepale." Akakata simu, akatoka nje akasimama mbele ya gari lake, akilitazama kama mwanafunzi anayetazama mtihani.

Ndiyo maana asubuhi ya Alhamisi alifika karakanani amebeba boksi, kalifunga kwa taulo.

Fundi wa umeme tunamwita Fyuzi. Ni mnene, mcheshi, na mdomo wake hauna swichi. Alipomwona tu akaanza:

"Mwalimu! Hapa si kliniki ya watoto. Kliniki ni kule chini."

"Ni redio," alisema Mwalimu Breki.

"Redio? Ya nani?"

"Ya gari langu."

Fyuzi aliweka bisibisi chini. Alitoka nje ya kibanda chake akatazama juu mbinguni, kushoto na kulia. "Natazama kama jua limetokea upande ule ule wa kila siku," alisema.

Nyuma ya Mwalimu alikuwa mwanafunzi wake wa siku hiyo, muuguzi wa hospitali ambaye tayari alikuwa ameshindwa mtihani wa barabarani mara mbili, mara zote kwa kwenda kasi. Somo lake lilikuwa limeahirishwa, lakini hakutaka kurudi nyumbani. "Siondoki," alisema, akavuta kreti na kukaa. "Miaka yote Mwalimu ndiye anayenitoa jasho. Leo nataka nimwone yeye akitokwa nalo."

Boksi likafunguliwa. Redio ilikuwa nyembamba, nyeusi, uso wake unang'aa kama ukucha uliopakwa rangi. Inaingia flashi, inaungana na simu bila waya, na namba zake zinafika mia na nane. Pamoja nayo zilikuwamo spika mbili za nyuma, za duara, nzito. Fyuzi alizipima mkononi kama anayenunua viazi, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Umechagua vizuri. Nani kakushauri?"

"Nilisoma maelezo."

"Yote?"

"Yote. Na ya Kichina nilitazama picha."

Kuitoa redio ya zamani kulichukua muda, kwa sababu Mwalimu alitaka kila skrubu ijulikane ilikotoka. Alitandaza kitambaa juu ya boneti akazipanga kwa mstari. Redio ilipotoka, Fyuzi aliigeuza na kuitikisa, na katika mdomo wa kaseti kikadondoka kibanio cha nywele cha plastiki, chekundu, chenye umbo la kipepeo, kimepoteza bawa moja. Mwalimu alikiokota. Alikipangusa kwa kidole gumba, akakitia katika mfuko wa shati, akafunga kifungo cha mfuko.

"Endelea," alisema.

Fyuzi alivuta fungu la waya kutoka ndani ya shimo la dashibodi, akafundisha kama yeye ndiye mwenye shule. "Sikiliza, mwanafunzi. Njano ni ya moto wa wakati wote, inatunza kumbukumbu. Nyekundu ni ya ufunguo. Nyeusi ni ya bodi. Hizi pacha pacha ni za spika."

"Na ya buluu?"

"Buluu ni ya kuamsha amplifaya. Amplifaya, ile ya kukuza sauti, unayo?"

"Sina."

"Basi na ilale." Akaikunja, akaifunga tepu ya umeme kama kidole kilichokatika, akaisukuma ndani. Na waya nyingine ya rangi kama hiyo, iliyotoka upande wa gari lenyewe, aliifunga vilevile. "Magari yote ninayofunga ni hivi hivi. Halijarudi hata moja."

Kazi ya spika ndiyo iliyotaka kuleta ugomvi. Kibao cha nyuma, kile kilicho chini ya kioo, kilikuwa na matundu madogo ya mviringo, na spika mpya zilikuwa kubwa kuliko matundu. Fyuzi alichukua msumeno, akapima kwa jicho, akafumba jicho lingine.

"Weka chini hicho kitu," ilisema sauti.

Alikuwa mke wa Mwalimu, amekuja na chakula cha mchana, na shingoni bado ana futi ya kupimia nguo.

"Shemeji, nimekata vibao kabla hujaolewa," alisema Fyuzi.

"Ndiyo maana nasema weka chini. Kitambaa kikishakatwa hakirudi dukani." Akaingia kiti cha nyuma kwa magoti, akapima, akakata duara la karatasi kwa mkasi wake, akalijaribu juu ya spika, akalipunguza ncha, akalijaribu tena. Kisha akalilaza juu ya kibao akalizungushia chaki. "Kata kwa nje ya mstari, siyo juu yake. Ukikata juu yake nitakushonea suruali ya kubana."

Muuguzi alicheka mpaka kreti ikalia. Fyuzi alikata kwa nje ya mstari, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo, na spika zilipokaa, zilikaa kama vifuniko juu ya sufuria zake. Hata yeye alishangaa. "Shemeji," alisema, "ukichoka na cherehani, njoo."

Sasa jua lilikuwa limeshapita utosi. Betri ikaunganishwa, Mwalimu akaombwa awashe yeye mwenyewe. Alifunga mkanda wa kiti kwanza. Nisiseme uongo: mkanda, ndani ya gari lisilo na gurudumu linalozunguka. Kisha akazungusha ufunguo, na uso wa redio ukawaka buluu, ukageuka kijani, ukamkaribisha kwa maandishi yanayotembea.

"Yaa!" alipiga kelele Muuguzi. "Simu yangu! Ngoja niiunganishe!"

Aliunganisha, akachagua muziki wa ngoma na gitaa, na sauti ilipotoka katika zile spika mbili nilihisi nati zangu zikicheza katika visanduku vyake dukani. Kioo cha kutazamia nyuma kilitetemeka. Muuza matairi wa ng'ambo ya barabara akaja kuona. Wapita njia wakasimama. Muuguzi akaanza kucheza, akamvuta mke wa Mwalimu, naye akacheza na futi yake shingoni, na Fyuzi akakata mauno kwa namna ambayo haikutarajiwa kwa mtu wa mwili ule. Ndani ya gari Mwalimu Breki alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, lakini masikio yake yalikuwa yamepanda. Alikuwa akicheka. Sikuwahi kuyaona meno yake ya nyuma kabla ya siku hiyo.

Baadaye akainua mkono, muziki ukapunguzwa. "Hizi spika za zamani za mbele zinazimwaje?"

"Za nini kuzima?" aliuliza Fyuzi. "Sauti ikuzunguke!"

"Nataka itoke nyuma tu."

Fyuzi alinitazama, mimi nikamtazama mke wa Mwalimu, na yeye akasema kwa upole, "Fanya anavyosema, shemeji." Akatuambia basi kuhusu kiti cha nyuma, mbwa mkali usiingie, na mkonga. Muuguzi akafuta macho kwa ncha ya kanga aliyojifunga, akisema ni vumbi. Fyuzi akazima spika za mbele bila neno, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Haya," alisema Mwalimu. "Tutafute stesheni yake."

Fyuzi akabonyeza. Namba zikaanza kukimbia: tisini, tisini na tano, mia, mia na tano, zikafika mwisho, zikaanza upya. Hazikusimama popote. Akaandika namba ya stesheni ya binti kwa mkono. Spika mpya, nzuri, nzito, zikatoa mchakacho.

"Inazoea," alisema Fyuzi. Akabonyeza tena. Mchakacho.

"Labda stesheni yao haipo hewani," alisema Muuguzi.

Mke wa Mwalimu alifungua kapu lake akatoa redio ndogo ya mkononi, ile inayokaa juu ya cherehani yake, akaiwasha. Ikaongea mara moja, safi kabisa, tangazo la godoro. Stesheni ilikuwepo. Lililokuwa halipo lilikuwa gari.

"Saa ngapi?" aliuliza Mwalimu.

Nilitazama saa yangu. Saa tisa na nusu ilikuwa imeshapita.

Fyuzi alivua kofia. Alivuta redio nje, akakagua plagi ya antena, akaipuliza, akairudisha. Mchakacho. Akatoa, akakwangua kwa kisu, akarudisha. Mchakacho. Jasho lilimtoka hadi shati likashikana na mgongo. Muuza matairi, aliyekuwa bado amesimama, akasema gari kuukuu ukilivisha kitu kipya linaona haya. Fyuzi akamwambia akauze matairi.

"Tusikilize kwa simu yangu," alisema Muuguzi. "Niitafute kwenye mtandao."

"Hawapo mtandaoni," alisema mama. "Stesheni yao bado ndogo." Akamgusa mumewe begani. "Baba. Hii ya cherehani ipo. Tutaiweka hapo kiti cha nyuma. Sauti itatoka nyuma vilevile."

Mwalimu Breki aliitazama ile redio ndogo. Nilimwona akilipima jambo hilo kwa haki, kama anavyopima kila kitu. Kisha akatikisa kichwa. "Nilimwambia redio ni kelele," alisema. "Siwezi kumwambia pia nimesikiliza ya cherehani."

Simu yake ikalia hapo hapo. Ni simu ya vitufe, inasikika hadi ng'ambo ya barabara, kwa hiyo sote tulisikia. Alikuwa binti.

"Baba, naingia studio sasa hivi, watanizimisha simu. Uko wapi?"

"Garini."

Sauti ikaja nyembamba kuliko mwanzo, imejaa kicheko na woga. "Mkonga umepanda?"

Mwalimu alikuwa ameshageuza shingo. Alitazama kupitia kioo cha mbele, juu ya gurudumu, palipokuwa na kile kichwa kidogo kama kifungo cha koti. Kilikuwa kimelala palepale kilipolala miaka yote.

"Unapanda," alisema. "Soma polepole." Akakata simu, akafungua mkanda, akatoka. "Fundi. Antena ya gari hili ina mota. Zamani redio ndiyo iliyoiamsha. Sasa inaamshwa na nani?"

Fyuzi akajipiga kofi la paji la uso lililosikika dukani kwangu. "Buluu!" alisema. "Mama yangu, ile ya buluu! Si ya amplifaya tu! Antena pia!" Akajitupa ndani ya gari kichwa mbele, miguu ikabaki nje, na mkono mmoja ukitoka kuomba vitu: "Kisu! Tepu! Usinipe hiyo, ile nyingine!" Alifungua vile vidole viwili alivyovifunga asubuhi, akavisokota pamoja. "Washa!"

Mwalimu akawasha. Kutoka ndani ya bodi, chini kabisa, tukasikia mlio mwembamba kama wa mbu.

"Huyo!" alipiga kelele mama.

Mbu akalia, akalia, lakini kifungo hakikusogea. Kutu ya miaka ilikuwa imekishika. Mota ikaanza kuchoka, mlio ukashuka.

"Zima, itaungua!" alisema Fyuzi.

Hapo mama alikuwa ameshaingiza mkono kapuni. Akatoa kichupa cha mafuta ya cherehani, chenye mdomo mrefu, akadondosha matone kuzunguka kile kichwa, akaleta pua karibu kabisa, akadondosha tena. Mwalimu akashika kichwa cha antena kwa ncha za vidole viwili. Sikuwahi kuona mtu akishika chuma kwa adabu kiasi kile.

"Washa," alimwambia Fyuzi. "Taratibu."

"Swichi haina taratibu, Mwalimu!"

"Basi washa tu."

Mbu akalia. Mwalimu akavuta, hakuvuta, ni kama alimshika mtoto mkono wakati wa kusimama. Kifungo kikainuka kwa upana wa kidole. Kikakwama. Matone mengine ya mafuta. Kikainuka tena, na kipande cha kwanza kikatoka kikiwa cheusi kwa uchafu, cha pili kikafuata kinang'aa, cha tatu, na Mwalimu akaachia vidole vyake, na mkonga ukaendelea wenyewe, ukapanda, ukapanda, ukasimama ukiyumba kidogo na upepo.

Wakati huo huo, mchakacho ndani ya gari ulikatika kama mtu aliyefunga mlango, na tangazo la godoro likatoka nyuma, nene, karibu, kana kwamba godoro lenyewe liko kwenye kiti.

Tulipiga makelele. Muuguzi alimkumbatia Fyuzi pamoja na jasho lake lote. Muuza matairi alisema alijua tangu mwanzo. Lakini Mwalimu alikuwa ameinua mkono. "Tafadhali," alisema, na sote tukatulia. Alizunguka gari, akatazama kulia na kushoto, akaingia kiti chake cha kushoto, chenye pedali yake. Akamwambia mkewe, "Kaa." Naye akakaa nyuma ya usukani, mwanamke ambaye hajawahi kujifunza udereva kwa sababu, anasema, mtu hawezi kufundishwa na mumewe akabaki na ndoa. Sisi tulisimama nyuma ya buti, madirisha yamefunguliwa, tukiwaona kwa migongo.

Muziki wa ishara ukapigwa. Kisha sauti ya binti, kutoka palepale, katikati ya kiti cha nyuma.

Alianza vizuri. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko ninavyoikumbuka, lakini namna ya kutua mwisho wa sentensi ilikuwa ile ile ya mabango. Habari ya kwanza ilihusu daraja litakalofungwa kwa matengenezo. Ya pili ilihusu shule mpya. Katika habari ya tatu, ya mabomba ya maji kupasuka, woga ukamshika, akaanza kwenda kasi. Maneno yakagongana. Akasema "mamlaka" mara mbili, akaruka neno, akaongeza mwendo.

Na taa za breki zikawaka.

Ziliwaka nyekundu mbele ya magoti yetu, zikazima, zikawaka tena, zikakaa. Ndani ya gari mgongo wa Mwalimu ulikuwa umenyooka kama ubao na mguu wake uko chini kabisa. Fyuzi alinipiga kiwiko. Muuguzi aliziba mdomo kwa mkono. Redioni binti alisimama. Akavuta pumzi, tuliisikia ikiingia katika spika mpya. Kisha akasema, "Samahani, naisoma tena habari hiyo," akairudia tangu mwanzo kwa mwendo wake, neno kwa neno, na taa zikazima. Hazikuwaka tena mpaka mwisho.

Alipomaliza, mama alikuwa amelalia usukani akilia na kucheka, honi ikapiga kidogo chini ya kifua chake. Mwalimu alikuwa ametoa kile kibanio chekundu mfukoni. Aligeuka akakiweka kwenye kiti cha nyuma, katikati.

Simu ikalia baada ya muda mfupi.

"Baba?"

"Kona ya mabomba uliingia na gia kubwa," alisema.

"Najua, Baba."

"Kisha ukashika breki. Vizuri sana. Dereva si yule asiyekosea." Akakohoa. "Kesho unasoma tena?"

"Saa tatu asubuhi."

"Basi nitakuwepo."

Binti hakuuliza tena kuhusu kelele. Fyuzi alikataa kupokea chochote kwa kazi ya waya ya buluu, akisema hiyo ni ada ya shule yake.

Ijumaa asubuhi kulikuwa na mawingu mepesi, hakuna mvua. Nikiwa nafungua duka niliona lile gari jeupe likija barabarani, Muuguzi kashika usukani kwa mikono miwili, redio imezimwa. Alikuwa akimbembeleza, dirisha lilikuwa wazi nikasikia: "Kidogo tu, Mwalimu, wimbo mmoja."

"Gari linaongea. Lisikilize." Kisha, walipofika usawa wa duka langu: "Indiketa. Kioo. Ingia pembeni. Breki."

Gari likasimama. "Nimekosa nini tena?" aliuliza Muuguzi.

"Hujakosa. Saa tatu inakaribia. Zima injini, uache ufunguo hapohapo."

Alishuka, akatazama kulia na kushoto, akatoa kitambaa safi mfukoni na kile kichupa cha mafuta ya cherehani. Akarudi ndani kuwasha redio. Mkonga ulipokuwa ukipanda alikuwa ameshatoka tena, akiupangusa kipande kwa kipande kadiri ulivyotoka, na ulipofika juu akaingia kitini kwake na kufunga mkanda.